Siku Nilipogonga Mlio wa Sukari

Ngeng, ngeng, ngeng. Kimya. Ngeng, ngeng, ngeng. Kimya.

Mpaka leo, nikiwa nachambua mchele au nimekaa tu, mlio huo hunipitia kichwani na miguu yangu hutaka kukimbia yenyewe. Ulikuwa mlio wa rimu ya lori, kile chuma cha katikati ya tairi, iliyotundikwa kwa mnyororo kwenye nguzo mbele ya duka la kijiji, pale juu ambapo njia inaanza kuteremka kwenda ziwani. Lori lenyewe lilifia wapi hakuna aliyejua. Sisi tuliikuta rimu inaongea, na tuliijua lugha yake kabla hatujajua kusoma.

Ilikuwa na lugha tatu. Ikigongwa moja moja, polepole, kama mtu anayetembea na mzigo, hiyo ilikuwa ya kanisa. Ikigongwa mfululizo bila kupumua, ngengengengengeng, hiyo ya duka: sukari imefika, au sabuni, au mafuta ya taa, kila mwenye miguu aje. Na ikigongwa mara tatu halafu ikanyamaza, tatu halafu ikanyamaza, hiyo ilikuwa ya ziwa. Watu wako majini. Acha unachokifanya.

Nikiwa mdogo nilidhani kile kimya ni mkono wa mgongaji unaopumzika. Baba ndiye aliyenitoa ujinga. Yeye alikuwa mkubwa wa wapiga kafi wa mtumbwi wa kuokolea, na mambo ya ziwa aliyasema kwa ufupi, kana kwamba maneno nayo yalikuwa ya mgao. "Kimya kile si cha mkono, ni cha masikio," aliniambia. "Ukigonga tu bila kuacha nafasi utasikia chuma peke yake. Aliye majini atakuita saa ngapi?"

Nililiweka neno hilo kichwani. Tatizo langu ni kwamba kichwa changu kilikuwa na vitu vingine vingi.

Mtumbwi wenyewe ulikaa nchi kavu, ukiuangalia ufukwe, umeegemea magogo mawili. Ulikuwa wa mbao za rangi rangi, maana kila nyumba ilikuwa imeleta ubao wake, mmoja mwekundu, mwingine mweupe, mwingine umepinda kidogo kwa sababu nyumba fulani ilikuwa na ubao huo huo tu. Walitusimulia kwamba zamani, kabla ya sisi kuzaliwa, mtu akipinduka ziwani waliokuwa nchi kavu walianza kwanza kutafuta mtumbwi. Mitumbwi mizima yote iko kuvua. Uliobaki una tundu, au mwenyewe ameenda nyumbani na makafi. Mpaka ukipatikana, aliyekuwa anaita haiti tena. Ndipo wazee wa ufukweni wakakubaliana: tutakuwa na mtumbwi mmoja usiovua, usiobeba mihogo, usioazimwa kwenda harusini. Ukae tu na makafi yake ndani. Walisema usinuke samaki. Na kweli, ikionekana gamba hata moja la sato humo ndani, kijiji kizima kiliulizwa mmoja mmoja.

Ila mtumbwi wa mbao usiokwenda majini unakauka. Jua linauvuta, mbao zinasinyaa, pamba tuliyoziba nayo nyufa inalegea, na siku ukiusukuma ziwani unakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Kwa hiyo ulikuwa lazima unyweshwe. Ndivyo tulivyosema, kuunywesha. Asubuhi na jioni msichana mwenye zamu alichota maji ziwani akaumwagia ndani na nje, mbao zikavimba, zikabanana. Zamu ilikuwa ya wiki moja moja, kwa wasichana tu. Wanaume kupiga kafi, wasichana kunywesha.

Mimi hilo la kunywesha lilinitosha mpaka siku nilipoiona kalenda ya sista.

Sista huyu alikuwa mzungu, mwangalizi wa zahanati ya misheni, na ukutani alikuwa na kalenda ya kwao ambayo miaka yake ilishapita, ila kwa kuwa picha zake zilikuwa nzuri hakuitupa. Picha moja ilikuwa na mtumbwi mkubwa sana juu ya magurudumu, uko ufukweni kwenye upepo mkali, wanaume ndani wamevaa vizibao vinene kama magodoro. Na wanaovuta kamba, watu kama hamsini hivi, ni wanawake. Sketi zimelowa, vichwa vimeinama, wanavuta.

Niliacha kukohoa, na kukohoa ndiko kulikonipeleka pale.

Sista akanieleza kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba kwao nako, tangu enzi za bibi wa bibi zake, watu wa pwani waliweka mtumbwi usiovua. Uliwekwa kwenye nyumba yake mwenyewe, mlango unatazama bahari. Mzinga wa ishara ukilia, mwoka mikate aliacha mikate, mwalimu aliacha chaki, wote mbio. Vile vizibao vilijazwa magome mepesi yanayoelea. Kafi lilishikwa na mkulima, fundi viatu, yeyote yule. Nilimwuliza kama wanawake nao walipanda. Akacheka, akasema hapana, wao walivuta kamba mpaka mtumbwi ufike kwenye maji ya kiunoni.

"Sista," nikamwambia, "mtu aliyekwishafika kwenye maji ya kiunoni, kupanda kumebaki hatua moja tu."

Nilirudi nyumbani nikikimbia kumsimulia baba. Nilimpa yote, magurudumu, mzinga, magodoro. Alisikiliza akishona wavu, na mwisho akauliza swali moja tu: "Na huo wa kwao nani anaunywesha?" Sikujua. Nilirudi hadi misheni kumwuliza sista, naye hakujua. Nikaona hapo tumewazidi. Tangu siku hiyo, nikiwa na zamu, nilikuwa nikimaliza kunywesha naingia ndani, nakaa pale mbele, nashika kafi, napiga hewa. Mtunza duka, mtu wa utani sana ambaye naye alikuwa mmoja wa wapiga kafi, akipita ananisalimia, "Nahodha, mmefika wapi?" Namjibu, "Tunaiona Ukerewe." Anasema nikifika nimletee machungwa.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza la saba, na jina langu halikutoka kati ya waliochaguliwa. Siku majina yalipobandikwa nililia asubuhi. Jioni nilikuwa ndani ya mtumbwi naiona Ukerewe.

Sasa nimzungumzie mama. Mama hakuwa mtu wa ziwa. Alitoka Butiama, kwenye vilima na ng'ombe, akaolewa ufukweni, na miaka yote hiyo hakujua kuogelea wala hakutaka kujifunza. Alioga kwa karai. Mawimbi yakianza kutoa povu jeupe alikuwa anasimama mlangoni anasema, "Leo wamefungulia zizi, ng'ombe weupe wote wako nje." Watu walimcheka. Walimwuliza kama ana mpango wa kuwakamua. Alijibu kwamba ng'ombe wa huku hawakamuliwi, wanakukamua wewe.

Miaka ile, hata hivyo, kila mtu alipanda alichokipata. Basi la kwenda Musoma lilikuwa limelala nyuma ya shule, halina tairi. Ukipata tairi hakuna dizeli, ukipata dizeli dereva ameenda Bunda kutafuta spea. Hakukuwa na kitu. Tulifulia majivu ya maganda ya ndizi. Chai tulikunywaga na kipande cha muwa pembeni, unatafuna, unakunywa. Bidhaa adimu zikifika zilifika kwa lori kutoka Bunda, na hakuna aliyejua siku, kwa hiyo foleni haikuvunjika kamwe. Hatukupanga watu, tulipanga mawe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake mbele ya duka, limewekwa alama ya mkaa au kamba, na jiwe lako lilikuwa ni wewe. La kwetu lilikuwa la mviringo, lenye doa jeupe, tulilijua kama mtoto wa nyumbani. Ila mawe nayo huwa yanatembea. Ukienda kulala la sita unaamka unalikuta la kumi na moja. Ilibidi lilindwe.

Wiki ile mambo yote yalikuja pamoja. Mama alikuwa ameenda Musoma, kule Kigera kwa mdogo wake aliyejifungua, akapanda mtumbwi wa abiria huku amefumba macho. Mimi nilikuwa na zamu ya kunywesha. Halafu ukazuka uvumi kwamba lori limeonekana Bunda limepakia sukari na sabuni, na jiwe letu likawa la tatu. La tatu! Tangu nizaliwe hatujawahi kuwa wa tatu.

Nilinywesha Jumatatu. Jumanne asubuhi nilinywesha, jioni nikasema nitanywesha kesho mara mbili. Jumatano sikuondoka kwenye jiwe. Nilijiambia mtumbwi haujatoka tangu mvua za mwaka jana, siku mbili zitaukosesha nini? Nilikuwa nawaza mama atakavyoshuka kwenye mtumbwi amechoka, nami nimwekee mezani chai yenye sukari, sukari kweli, ya kukoroga na kijiko. Nilimwona kabisa anavyoishika glasi.

Alhamisi ndiyo siku aliyosema atarudi. Mchana nilikuwa kwenye jiwe, jua limewaka, na kutoka pale dukani ziwa lote linaonekana. Kwanza upepo ulibadilika. Ulikuwa unatoka nchi kavu, ukasimama, halafu ukaja kutoka ziwani kwa kishindo mpaka mawe madogo yakasogea. Nikaangalia chini nikaona zizi limefunguliwa. Ng'ombe weupe kila mahali. Na katikati yao tanga moja la magunia, dogo, la mtumbwi wa abiria wa Musoma. Tuliujua kwa kiraka chake cha bluu.

Nilikuwa nalitazama. Lilisimama, likalala, likasimama tena. Nikasema kwa sauti, "Simama hivyo hivyo." Halafu likalala na halikusimama.

Sikumbuki kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye rimu. Nakumbuka nondo ya kugongea iko mkononi na ni baridi ingawa jua lilikuwa kali. Wewe unayesoma, hebu elewa: siku zote nilikuwa nikiota kugonga rimu ile. Nilikuwa nimeshaigonga kichwani mara mia, tatu na kimya, tatu na kimya, vizuri kuliko mtu yeyote. Siku yenyewe ilipofika nikagonga kwa nguvu zangu zote, bila kupumua, ngengengengengengeng.

Nikawaita watu kwenye sukari.

Wakaja! Sijawahi kuona kijiji kikitii namna ile. Walitoka mashambani na majembe mabegani, wakatoka jikoni, wakatoka kwenye nyavu, kila mtu na chombo chake, debe, kibuyu, sufuria, kopo la maziwa ya unga, mwingine kofia. Walipanda kuja dukani na mimi nilitaka wateremke kwenda ziwani. Wakaanza kugombania mawe. Mtunza duka akatoka mlangoni macho yamemtoka, anaapa kwamba hana kitu, humo ndani kuna viberiti na jembe moja tu, waingie wakaone. Mama mmoja mnene, jirani yetu, akamwambia mlanguzi mkubwa we, umeificha wapi? Mimi napiga kelele kwamba siyo sukari, siyo sukari, na hakuna anayenisikia kwa sababu mkono wangu ulikuwa bado unagonga. Nilikuwa nimejizibia mdomo mwenyewe.

Na baba je? Baba alikuwa chini ufukweni, karibu kabisa na mtumbwi, amelipa mgongo ziwa anashona wavu. Baba hakuwahi kukimbilia sukari hata siku moja. Aliusikia mlio, akaona hiyo si kazi yake, akaendelea kushona. Mtu tuliyemhitaji kuliko wote ndiye peke yake aliyebaki amekaa.

Mtunza duka ndiye aliyenishika mkono. Alikuja kunikaripia, akaniona uso, akaishika nondo. Rimu ikatetemeka, ikanyamaza. Watu nao wakanyamaza, maana walidhani mgao unaanza.

Katika kimya kile ikaja sauti kutoka ziwani. Nyembamba sana, kama ya ndege. Ikaja tena. Mwanamke.

"Hiyo siyo ya sukari," mtunza duka akasema polepole. Akanipokonya nondo, akagonga yeye, tatu, kimya. Tatu, kimya. Chini ufukweni nikamwona baba anageuza kichwa na wavu unaanguka.

Tuliteremka kama maji. Duka liliachwa wazi, foleni ikaachwa, mawe tu yakabaki yamejipanga yenyewe. Watu walikuwa bado na vyombo vyao mkononi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuviweka chini. Wanaume wakashika huku na huku, wanawake tukasukuma nyuma, mtumbwi ukaingia majini kwa pigo moja, na mimi nikasahau hata hofu kwa jinsi moyo ulivyoruka. Nilisema kimoyomoyo, sista angeona!

Halafu maji yakaanza kuingia. Hayakuingia kwenye tundu moja. Yaliingia kila mahali, katikati ya kila ubao na mwenzake, yakibubujika kama uji unaochemka. Wapiga kafi wanane walikuwa wamekaa, na maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu kabla hawajapiga hata kafi moja.

Baba alitazama ubao, akapitisha kidole kwenye ufa. Akauliza zamu ni ya nani.

Ningeweza kunyamaza. Wasichana tulikuwa wengi pale. "Yangu," nikasema.

Hakunipiga, hakunitukana. Afadhali angenipiga. Alilitazama debe lililokuwa mkononi mwangu, debe letu la sukari nililokaa nalo kwenye jiwe, akatazama sufuria ya yule mama mnene na kibuyu cha mwingine aliyekuwa karibu.

"Panda," akasema. "Na nyie wawili pandeni. Maji ambayo hukuyatia, leo utayatoa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mtumbwi wa kuokolea. Sikuingia kwa ndoto zangu, niliingia kwa kosa langu. Tulikuwa wanawake watatu tumepiga magoti katikati ya miguu ya wanaume, tunachota na kumwaga, tunachota na kumwaga, mimi debe, yule mama sufuria, wa tatu kibuyu. Mtumbwi ulipanda juu ya wimbi. Ukashuka. Povu linatupiga usoni. Baba amesimama nyuma anaita hesabu ya makafi, na mtunza duka, ambaye ufunguo wa duka aliokwenda nao bila sababu alikuwa ameung'ata kwa meno, anapiga kafi huku ananguruma. Yule mama mnene alikuwa anamwaga na anasema kwa mpigo huo huo wa makafi, "Leo, sukari, nimeipata, leo, sukari, nimeipata," na nikajikuta nacheka. Nacheka na nalia na namwaga. Mikono ilikufa ganzi nikaona kama si yangu, lakini maji hayakupanda tena juu ya vifundo. Yaliingia, tukayatoa. Mbao nazo zilikuwa zinakunywa, na kadiri zilivyokunywa zilifumba, nikasikia kwa magoti kwamba maji yanapungua kasi. Nilimwambia baba kwa kelele, "Unavimba!" Akaitikia kwa kichwa.

Tulipanda wimbi moja nikawaona. Mtumbwi wao umepinduka, tumbo juu, na vichwa vimeuzunguka. Nilihesabu saba. Nilitafuta kitambaa cha kijani cha mama sikukiona. Nikahesabu tena.

Baba hakuwaendea kwa ubavu. Hilo ndilo jambo lililowafanya wale wapiga kafi wawe wapiga kafi wa kuokolea na si wavuvi tu: mtu anayezama hushika kitu cha kwanza anachokiona, na watu saba wakishika ubavu mmoja mnakuwa wote majini. Aligeuza mtumbwi, akayapa mawimbi kichwa cha mtumbwi, akarudi kinyumenyume taratibu, akawarushia kamba, akawa anamwita mmoja mmoja, wewe mwenye shati, sasa wewe mzee, akiwavuta kwa nyuma. Wa kwanza akaingia, wa pili, wa tatu. Kila aliyeingia mtumbwi ulizama kidogo, na sisi watatu tukaongeza mwendo.

Wa sita alikuwa mwanamke asiye na kitambaa, nywele zimemlalia usoni, amekumbatia dumu tupu la mafuta ya taa kwa mikono na miguu kama mtoto anavyomkumbatia mama yake. Alikataa kuliachia. Walimvuta yeye na dumu pamoja, wakaangukia kwenye mapaja yangu.

Alikuwa wa baridi kama samaki. Nilimshika uso. Mkono wa kulia ulikuwa unaendelea kuchota wenyewe.

Wa saba alipoingia baba akageuza, na sasa upepo ukawa nyuma yetu, mtumbwi ukakimbia. Meno ya mama yalikuwa yanagongana. Alifungua macho akatutazama, vyombo vyetu, mimi, baba kule nyuma.

"Nilisikia ya sukari," akasema.

Yule mama mnene akaukatiza wimbo wake wa sukari, akaendelea kumwaga.

"Nipo majini, nasikia inagongwa, ya sukari. Nikasema ndiyo hivyo, mimi nakufa na mume wangu anakimbilia sukari. Hasira ikanipanda! Nikasema sifi. Nitatoka humu nikagawane nao." Akapumua. "Nilitaka kuita, ile rimu ikawa inanifunika. Iliponyamaza ndio nikaita."

Baba alikuwa anatazama mbele, lakini nilijua anasubiri. Nikasema, "Mama, ni mimi niliyegonga. Nilikosea." Na kwa kuwa nilishaanza nikamalizia, kwamba mtumbwi nao sikuunywesha, kwamba nilikuwa kwenye jiwe, kwamba tulikuwa wa tatu.

Wimbi likatupandisha na kutushusha, mama akinitazama.

"Na hiyo sukari," akauliza, "ilikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Haya," akasema, akalikumbatia dumu lake vizuri zaidi.

Mtunza duka ndiye aliyeanza kucheka, ufunguo ukamtoka mdomoni ukaangukia kwenye maji yaliyokuwa miguuni, nikauchota na debe, kidogo niumwage ziwani. Wote tukacheka, hata wale waliotoka kuzama, wanatapika maji na wanacheka. Baba peke yake hakucheka, lakini hesabu ya makafi ilimponyoka mara mbili.

Jioni ile mama alilazwa karibu na moto, majirani wakajaa. Wengine walinisema, na walikuwa na haki. Mmoja alisema nisipewe zamu tena. Yule mama mnene akamjibu kwamba yeye sufuria yake iko tayari wakati wowote na anataka mimi niwe upande wake wa kushoto, kwa sababu namwaga vizuri. Baba alisubiri mpaka walipoondoka. Ndipo akasema kwamba tangu zamani mtumbwi ule ulikuwa na mahali pa wapiga kafi wanane, na hawakuwahi kufikiria mahali pa watoa maji. Wazee walikosea hapo. Patakuwa na mahali pa watatu. Akaenda kulala. Mimi sikulala mapema, nilikaa namsikiliza mama anavyopumua, nikijiambia kila pumzi ni mgao wangu.

Siku hizi, miaka hii ya ruksa, sukari ipo kwenye kila kibanda na mitumba imejaa mpaka kwenye uzio wa kanisa. Wanunuzi wa sangara wanakuja na injini zinazonguruma, na ukimwambia kijana habari ya kupanga jiwe anadhani unamtega. Huwa nawacheka na mimi. Ila huwa sielezi vizuri asubuhi iliyofuata ile Alhamisi, kwa hiyo nitaieleza hapa.

Niliamka jua halijachomoza vizuri. Mama alikuwa amelala, dumu liko pembeni yake. Nilichukua debe la sukari nikateremka peke yangu. Ziwa lilikuwa limetulia kama halikufanya kitu. Mtumbwi walikuwa wameurudisha juu ya magogo, bado una unyevu, mbao zimebanana barabara, haukuhitaji maji kabisa. Niliingia majini mpaka kiunoni, nikachota, nikamwagia upande wa mbele nilipopenda kukaa.

Nikiwa debe la pili nikasikia kutoka juu dukani mlio nisioujua. Ulikuwa mfululizo, bila kupumua, lakini mwembamba, mkali. Haikuwa rimu. Mtunza duka alikuwa anagonga lile jembe moja la dukani, rimu ameiachia ziwa. Nikasikia na injini ya lori, ya Bunda, inazimwa, halafu milango inafunguliwa kijiji kizima, na vyombo vinagongana njiani kuelekea juu.

Jiwe letu lilikuwa la tatu, na hapakuwa na mtu wa kulilinda.

Nilisimama na debe mkononi, nikasikiliza. Nikarudi majini, nikachota la tatu.